Maswali ya Wasomaji: Samaki wanavyohesabiwa kwa mwangwi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu sauti chini ya maji. Wasomaji wanataka kujua inakuwaje mtu aliye juu ya meli adai kwamba anajua wingi wa samaki waliomo baharini ilhali hajawavua. Tumechagua barua saba na kuzifupisha bila kugusa hoja zake.

Swali: Mhariri, salamu. Mwaka 2018 tuliambiwa kwamba meli kubwa ya utafiti inapita katika bahari yetu ikihesabu samaki kwa kupiga sauti majini. Nimevua tangu utoto na sijapata kumhesabu samaki ambaye sijamtia machoni. Hesabu hiyo inapatikana vipi, na je, inaaminika? (Mvuvi mstaafu, Kilwa Kivinje)

Jibu: Shikamoo, mzee wetu. Meli uliyoambiwa ni Dr. Fridtjof Nansen, ambayo hupeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa na kuendeshwa kwa ushirikiano wa Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na nchi ya Norwei. Mpango huo ulianza mwaka 1975. Meli ya kwanza yenye jina hilo ilipima maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983, na hiyo iliyokuja 2018 ni ya tatu, iliyoanza kazi mwaka 2017.

Chini ya tumbo la meli kuna visahani vya kurushia na kupokea mlio. Kisahani hupiga mlio mfupi sana kuelekea chini, kisha hunyamaza na kusikiliza. Sauti husafiri katika maji ya bahari kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, kwa hiyo mlio ukigonga kundi la samaki lililo mita 75 chini ya meli, mwangwi wake hurudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Muda huo hutoa kina, na nguvu ya mwangwi hutoa wingi. Wazo hili si geni: mwaka 1935 Mnorwei Oscar Sund alichapisha picha za mwangwi wa samaki wa visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norwei, wale wa maji baridi ambao Wanorwei huwaanika hadi wakakauka kama kuni na kuwauza nchi za mbali.

Kinachorudisha mlio, kwa sehemu kubwa, si nyama ya samaki. Mbele ya sauti, nyama na maji havitofautiani sana, na mlio hupenya karibu wote. Kinachourudisha ni hewa iliyomo katika kile kibofu ambacho wavuvi wa Ziwa Victoria hukiita bondo, na ambacho kwa sangara hununuliwa kwa bei kubwa kuliko minofu yenyewe. Kwa samaki mwenye bondo, asilimia 90 au zaidi ya nguvu ya mwangwi wake hutoka hapo. Kwa hiyo meli haihesabu samaki kama karani anavyohesabu ndoo gatini. Inapima jumla ya mwangwi uliorudi kutoka kundi zima, kisha watafiti wanaigawanya jumla hiyo kwa mwangwi wa samaki mmoja wa aina na urefu unaojulikana, na jawabu la kugawanya ndilo idadi.

Ugumu wote umejificha katika mgawanyo huo. Lazima kwanza ijulikane ni samaki gani walio chini, kwa sababu kioo cha mashine huonyesha wingu la rangi, hakionyeshi jina la samaki; ndiyo maana meli hiyo inayosifiwa kwa kutovua hulazimika kushusha wavu wa kukokota kila mara, kuwapanga samaki kwa aina, na kuwapima mmoja mmoja kwa rula. Lazima pia chombo chenyewe kiaminike. Kabla ya safari, meli hutia nanga mahali palipotulia, na mabaharia hushusha chini ya tumbo lake mpira mdogo wa madini magumu sana ya tangsteni, wenye kipenyo cha milimita 38.1, ukining'inia kwa nyuzi za mshipi zinazoshikwa kutoka pande tatu za meli. Nguvu ya mwangwi wa mpira huo inajulikana kwa hesabu, kwa hiyo wanausogeza taratibu, uzi huu ukilegezwa na ule ukivutwa, mpaka wawe wameupitisha katika kila pembe ya mlio, na wakiona mashine inasoma tofauti, wanairekebisha. Kazi hiyo huweza kumeza saa nyingi, na asiyeijua huiona kama mchezo wa watoto. Lakini mizani ya desibeli, yaani kipimo cha nguvu ya sauti, haisamehi, kwani kosa la desibeli 3 tu hugeuza tani 10,000 kuwa tani 20,000.

Je, inaaminika? Namba moja iliyopatikana katika safari moja mimi ningeichukua kwa tahadhari. Meli hupita katika mistari iliyoachana kwa maili kadhaa, na yaliyomo kati ya mstari na mstari hukadiriwa. Samaki walio juu kabisa, karibu na uso wa maji, hawaonekani kwa sababu kisahani kiko chini yao, na waliolala juu ya mchanga mwangwi wao humezwa na mwangwi wa sakafu. Namba za miaka mingi zilizopatikana kwa njia ileile na msimu uleule, hizo ningeziamini zaidi, maana hata kama zote zimekosea, zimekosea upande mmoja, na kupanda au kushuka kwake kuna maana. Peru ni mfano mzuri. Taasisi yao ya bahari, IMARPE, hupima dagaa kwa mwangwi mara kwa mara, na vipimo vya namna hiyo ndivyo msingi wa kiasi kinachoruhusiwa kuvuliwa kila msimu. Mwaka 2023 msimu wa kwanza katika eneo la kaskazini na kati ulifutwa wote baada ya kuonekana kwamba samaki wachanga walikuwa wengi mno. Kwetu, vipimo vya 1982 na 1983 na vile vya 2018 vimetenganishwa na muda mrefu, tena vilifanywa na meli tofauti zenye vyombo tofauti, hivyo kuvilinganisha moja kwa moja ni kujitafutia ugomvi.

Na jambo la mwisho, mzee wetu, ambalo naona halisemwi vya kutosha: meli yenye urefu wa zaidi ya mita 70 haiingii kwenye miamba ambako wewe ulikuwa ukivua changu na tasi. Ukisikia tani kadhaa zimetangazwa, ujue ni za samaki wa maji marefu zaidi, na hazisemi lolote kuhusu uliowaacha kwenye mwamba.

Swali: Mhariri, nimefunga mashine ya kutafutia samaki katika mashua yangu. Siku nyingine kioo kimejaa pinde tele, natega nyavu zinatoka tupu. Siku nyingine kioo ni cheupe na tunapata nguru wa kutosha. Je, nimeuziwa mashine mbovu? (Nahodha, Mafia)

Jibu: Nahodha, huenda mashine yako ni nzima kabisa. Tuanze na nguru. Samaki huyu hana bondo, na sehewa vilevile hana. Papa naye ni hivyo hivyo. Mwangwi wao ni hafifu mno ukilinganisha na wa samaki mwenye bondo wa urefu uleule, kwa hiyo kundi la nguru linaweza kupita chini yako na kioo kisiseme kitu. Jodari wa mapezi ya njano ana bondo, naye huonekana vizuri zaidi. Watafiti wana taabu hiyohiyo: samaki wasio na bondo ni lazima wahesabiwe kwa kanuni yao wenyewe, la sivyo wataonekana wachache kuliko walivyo.

Kuhusu pinde: mlio hushuka kwa umbo la pia, mwembamba juu na mpana chini. Samaki akiingia ukingoni, umbali kutoka kwake hadi kwenye mashine ni mrefu kidogo. Akifika katikati unapungua. Akitoka unaongezeka tena, na ndipo upinde unapochorwa. Samaki mmoja aliyetulia chini ya mashua iliyotia nanga atachora mstari mrefu, wala si upinde, na wengi hudhani ni kundi. Mashine nyingi za wavuvi zina milio miwili, wa kilohezi 50 na wa kilohezi 200 (kilohezi moja ni mitetemo elfu moja kwa sekunde). Wa kwanza hufika mbali na kutawanyika sana, hivyo hukuonyesha hata samaki walio pembeni ambao wavu wako hautawafikia; wa pili ni mwembamba na huonyesha kwa undani, ila huchoka upesi. Ukitaka kujua kilicho chini yako hasa, tumia wa pili.

Tena, si kila kinachorudisha mwangwi ni samaki. Mapovu ya rafadha na vijidudu vinavyoelea vyote huchafua kioo. Ukitoka nje kwenye maji marefu wakati wa magharibi unaweza kuona kitu kama sakafu ya bahari kikipanda polepole. Mwaka 1942 wataalamu wa jeshi la majini la Marekani walikiona karibu na San Diego na wakababaika, maana ramani ilionyesha kina kirefu zaidi. Ni viumbe hai: samaki wadogo wa vilindini, kamba na ngisi, wanaopanda usiku kula na kushuka alfajiri. Wakihesabiwa kwa nyavu, samaki wa tabaka hilo duniani kote walikadiriwa kuwa tani bilioni moja; mwaka 2014 watafiti waliotumia mwangwi walisema huenda ni mara kumi ya hapo. Mimi sishangai kwamba mjadala haujaisha, kwa kuwa katika tabaka hilo wamo pia viumbe laini kama kiwavi-maji wenye vipovu vya gesi, na kipovu kidogo hupiga kelele kubwa kuliko mwili unaokibeba.

Swali: Shikamoo Mhariri. Mwalimu wetu alisema samaki hutoa sauti. Kama ni kweli, je, hatuwezi kuwahesabu kwa kusikiliza tu, bila kupiga mlio wowote? (Mwanafunzi wa shule ya upili, Likoni)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli. Samaki wa jamii nyingi wana misuli inayotikisa bondo kama vidole vinavyopiga ngoma, na huko Malaysia wapo wavuvi wa jadi waliokuwa wakijizamisha kando ya mashua ili kusikiliza kundi liko upande gani kabla ya kuamuru nyavu zishushwe. Sayansi imechukua njia hiyohiyo, ikaweka hidrofoni, yaani maikrofoni isiyoingiza maji, mahali pa sikio la mzamiaji.

Mfano ulioeleweka vizuri kuliko mingi uko Mexico, kwenye mlango wa Mto Colorado katika Ghuba ya California. Kila majira ya kuchipua, samaki aitwaye kovina hukusanyika hapo kuzaliana, siku za kabla ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa. Madume huimba kwa pamoja, na sauti hupenya mbao na plastiki za mashua hadi wavuvi wakazisikia bila chombo chochote. Huo ndio mwongozo wao wa kuzungusha nyavu. Watafiti Timothy Rowell na Brad Erisman walirekodi kwaya hiyo na wakati huohuo wakapita juu yake na kipima-mwangwi. Walipolinganisha viwili hivyo waliona kwamba msongamano wa samaki ukizidi, nguvu ya sauti nayo huzidi kwa namna inayoweza kuandikwa kwa kanuni, na kundi moja walilikadiria kuwa na samaki wapatao milioni 1.5. Sauti ya samaki mmoja ilifikia desibeli 177, ingawa usiilinganishe na desibeli za spika za harusini, kwani kipimo cha majini huanzia mahali pengine. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2017.

Sasa angalia walichohitaji ili kufika hapo. Walihitaji samaki wa aina moja, mahali pamoja, wakati unaojulikana, na bado walilazimika kupima kwa mwangwi ili kusikiliza kwao kuwe na maana. Majike wa kovina hawaimbi, kwa hiyo idadi yao inakisiwa kutokana na madume. Mwambani kwetu mambo ni magumu zaidi: aina ni nyingi, nyingine haziimbi kabisa, na juu ya zote kuna kamba wadogo wanaofyatua makucha yao mchana na usiku, wakitoa mchakariko kama wa mafuta yanayokaanga. Hidrofoni moja iliyoachwa mwambani mwaka mzima itakueleza vizuri mwamba unapochangamka na unapofifia. Haitakuambia kuna changu wangapi.

Iko njia ya tatu, nayo ni kumfanya samaki asiye na sauti awe nayo. Shelisheli, karibu na kisiwa cha Praslin, tasi waliwekewa mwilini vifaa vidogo vinavyolia kila baada ya muda kwa namba ya kila mmoja, na vipokezi vilivyofungwa chini ya maji vikaandika nani amefika na nani ameondoka. Hivyo ndivyo ilivyothibitishwa kwamba tasi hao hurudi mahali palepale pa kuzaliana wakati wa mwezi mpevu. Hiyo si hesabu ya samaki wote, lakini humwambia mpimaji siku ya kwenda kupima.

Swali: Huku kwetu meli za kutafuta gesi zimewahi kupiga milipuko ya hewa baharini, na wavuvi walilalamika samaki wamekimbia. Je, meli za kuhesabu samaki nazo haziwafukuzi? (Msomaji, Mtwara)

Jibu: Ndugu yangu, hizo ni sauti mbili tofauti kabisa, na kuzichanganya kunawadhuru wote, mvuvi na mtafiti. Mizinga ya hewa ya watafuta gesi hutoa sauti nzito, yenye nguvu kubwa, ambayo imekusudiwa kupenya hata miamba iliyo chini ya sakafu ya bahari. Na sauti nzito ndiyo hasa samaki wanayoisikia. Malalamiko ya wavuvi hayakuwa ya kubuni. Mwaka 1992 watafiti wa Norwei walijaribu katika Bahari ya Barents: mizinga ilipigwa kwa siku tano, na upatikanaji wa wale samaki wao wa maji baridi tuliowataja katika jibu la kwanza ulishuka kwa takriban nusu katika eneo lote lililopimwa, ukashuka zaidi penye milipuko, na siku tano baada ya kunyamaza ulikuwa haujarudi ulivyokuwa.

Kipima-mwangwi cha kawaida hulia kwa kilohezi 38 au zaidi, ilhali samaki walio wengi hawasikii kinachozidi kilohezi moja au chache. Pomboo husikia, na wapo samaki wachache wa jamii ya dagaa wa Marekani wanaosikia milio ya juu sana, kwa hiyo sisemi kwamba hakuna kiumbe anayesumbuliwa. Kinachowashtua samaki kwenye meli ya utafiti, mara nyingi, ni injini. Wakishtuka hupiga mbizi, na samaki aliyeinamisha kichwa hurudisha mwangwi mdogo kuliko aliyelala sawasawa, jambo linalopunguza hesabu; kwa sababu hiyo meli mpya za utafiti hujengwa ziwe kimya kadiri inavyowezekana.

Swali: Je, njia hii yafaa ziwani? (Mfanyabiashara wa dagaa, Mwanza)

Jibu: Yafaa, na imekwisha kutumika. Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikipima Ziwa Victoria kwa mwangwi tangu mwaka 1999, ingawa si kila mwaka, na sasa kazi hiyo huratibiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria. Sangara mkubwa huonekana mmoja mmoja, na dagaa huonekana kama wingu. Tatizo ni maji ya kando, yenye kina kifupi na magugu, ambako meli haifiki.

Swali: Ufukweni kwetu limeokotwa boya la plastiki lenye kioo cha sola juu na kamba ndefu zenye nyavu kuukuu chini. Wazee wanasema ni la wapelelezi. (Msomaji, Pemba)

Jibu: Kwa maelezo yako, yaelekea ni boya la meli za jodari. Meli hizo kubwa za nyavu za kuzungusha huacha vyelezo vikielea katika Bahari ya Hindi, kwa sababu jodari na sehewa hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea. Boya lina kipima-mwangwi kidogo kinachopima mara kadhaa kwa siku na kutuma kwa setilaiti mahali lilipo na makisio ya tani zilizo chini yake. Nahodha hukaa mezani, akachagua pa kwenda. Kwa hiyo wazee hawakukosea sana, ila anayepelelezwa ni jodari.

Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, iliweka mwaka 2019 kikomo cha maboya 300 yanayofanya kazi kwa kila meli kwa wakati mmoja. Wanasayansi wameanza kutumia kumbukumbu za maboya hayo kukadiria mwenendo wa wingi wa jodari, kwa kuwa hupima hata pale ambapo hakuna meli. Ni hazina, lakini ya mashaka: sehewa hana bondo na jodari anaye, wote wamo chini ya chelezo kimoja, na boya la mlio mmoja haliwezi kuwatenganisha. Pia haipendezi kwamba namba za kuwalinda samaki zinatoka kwenye chombo kilichotengenezwa kuwamaliza haraka. Boya hilo lipelekeni ofisi ya uvuvi iliyo karibu, na msilifungue, kwani lina betri.

Swali: Kama hidrofoni zinasikia samaki, mbona haziwasikii wapiga baruti? (Mzamiaji, Dar es Salaam)

Jibu: Zinawasikia, tena vizuri. Mwaka 2015 watafiti walisafiri kando ya pwani ya Tanzania wakirekodi kwa hidrofoni, na walithibitisha milipuko 318. Zaidi ya nusu ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka jijini kwako. Kwa anayefuatilia wingi wa samaki, takwimu hiyo ni muhimu kama hesabu ya samaki wenyewe, kwa sababu baruti huua bila kujali umri wala aina, na wengi wa waliokufa huzama bila kuokotwa, hivyo hawaingii katika takwimu za mavuno.

Kusikia, hata hivyo, si kujua mahali. Hidrofoni moja hukupa saa ya mlipuko. Ili kupata mahali pake unahitaji walau tatu zilizoachana, ambazo saa zake zimelinganishwa kikamilifu, kwani katika sekunde moja sauti ya majini huwa imekwenda kilomita moja na nusu, na saa zikipishana hivyo doria itatumwa kwenye mwamba usiohusika.